Nimepata skolashipu ya mwaka mmoja Japani ila haina digrii, niende au nimalize chuo kwanza?

Binti_Dom
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri jamani bila kejeli. Nina miaka 22, nipo mwaka wa pili, somo langu kuu ni Kijapani. Niliomba ile skolashipu ya serikali ya Japani ya wanafunzi wa lugha na utamaduni kupitia ubalozi, nikijua najisumbua tu, kumbe jina limetoka. Naanza Oktoba mpaka Septemba mwakani, nauli na ada juu yao, posho yen 117,000 kwa mwezi. Shida ni kwamba nikimaliza napewa cheti tu, sio digrii, halafu lazima nirudi kumalizia chuo huku. Baba anasema "mwaka mzima unaenda kujifunza kusalimia?" Wenzangu watakuwa washavaa majoho mimi bado nakimbizana na testi. Mkopo wa bodi nao sijui nikiahirisha unakuwaje. Mama hofu yake ni matetemeko na chakula, maana sisi Waislamu. Aliyepitia hii anipe ukweli, picha za maua nimeshaziona.

Kipanga Mweusi
Umepewa nauli ya bure unakuja kutuuliza sisi ambao hata Zanzibar hatujafika? Panda ndege dada.

Binti_Dom
Mkuu nimesema bila kejeli 😂

Dada wa Minoh
Mdogo wangu mimi nilikaa huo mwaka Osaka ngoja nikwambie. Ukifika unapewa mtihani wa kukupanga darasa, usikariri mambo ili upangwe juu, utalia. Mimi nilipangwa na Wachina na Wakorea, sasa Mchina kanji, zile herufi zao zilizotoka China, anazijua tangu utotoni, anasoma gazeti anaelewa hata kama hajui kulitamka, wewe bado unahesabu mistari. Kanji za matumizi ya kawaida ni 2,136 na karibu kila asubuhi kulikuwa na kijaribio. Ila kwenye kutamka tuliwapita wote, maana silabi zao ni kama zetu, a i u e o, walimu walikuwa wananishangaa. Hasara yake ni kuchanganya. Mwalimu kaniuliza "nani o tabemashita ka", yaani umekula nini, mimi nimesikia "nani" nikamtajia jina la rafiki yangu. Darasa zima kimya, wanawaza nimemla. (Na neno lao la dubu usije ukalitamka kwenye simu na mama, kwetu ni tusi, zaidi ya hapo siandiki.)

Kitu kilichoniokoa ni kwamba Chuo Kikuu cha Osaka wanafundisha Kiswahili, kuna Wajapani wanakisoma kama somo lao kuu. Siku moja kijana kaniinamia kabisaaa, "shikamoo dada", nikajikuta naitikia marahaba wakati tumepishana miaka miwili. Tukawa tunabadilishana, saa nzima Kiswahili, saa nzima Kijapani, na hapo ndo nilijifunza kuongea, darasani nilijifunza kuandika.

Kuhusu mama mwambie hivi, kuna maduka ya halali ya Wapakistani na Wabangladeshi, nyama unapata. Shida ni vitu vya kujificha, mirin, ile ya kupikia, ina pombe, mkate mwingine una mafuta ya nguruwe. Kanji za kwanza kujua kabla hata ya jina lako ni 豚 na 酒, nguruwe na pombe, ukiziona kwenye paketi rudisha. Nywele suka huku kabisa na ubebe rasta za kutosha.

Msee wa Ngara
Sasa dada, mimi ni wa Nairobi, nilienda lakini shule ya lugha ya kujilipia, si skolashipu. Aki usicheze na hiyo nafasi yako. Sisi ilibidi tufanye kazi, na viza ya mwanafunzi inaruhusu masaa 28 kwa wiki, tena mpaka uombe kibali. Nilikuwa naosha vyombo usiku, asubuhi nalala kwa darasa mwalimu anagonga meza. Halafu beba pesa ya kuanzia, posho haiingii siku unayotua, wenyewe kwa maelezo yao wanasema uje na kama dola 2,000. Ukishapata pa kukaa una siku 14 za kwenda manispaa kuandikisha anwani, hapo hapo unaingia bima ya afya, hospitali unalipa asilimia 30 tu. Kuna bahasha nyingine itakuja ya pensheni, usiitupe kama mimi, uliza ofisi ya wanafunzi kuna fomu ya kuomba usilipe.

Mzee wa Bandarini
Binti, marahaba. Mimi lugha siijui ila naagiza magari toka Japani na naomba mwambie baba yako hivi. Kila gari la mnada lina karatasi ya ukaguzi imejaa Kijapani, mwandiko wa mkono kama dawa za daktari. Alama kubwa ya hali ya gari tunaijua sote, 4, 4.5, na R maana yake gari lilishapigwa likatengenezwa. Lakini yale maelezo ya chini, kutu iko wapi, gia inafanyaje, tunabahatisha kwa programu za simu. Mwaka jana niliuziwa gari lililokaa kwenye maji na ilikuwa imeandikwa pale pale mbele ya macho yangu. Mtu wa kunisomea hiyo karatasi mimi namlipa. "Kusalimia" huko kuna hela.

Mtu_Kazi
Nyie wote mnampa raha tu, naomba niharibu sherehe. Mimi nilienda, chuo chetu cha huku waliniambia kwa mdomo "nenda utakuta nafasi yako". Narudi mtaala umebadilika, kozi mbili nirudie, yule aliyeniahidi kahamishwa, barua hakuna. Mwaka mmoja ukawa miwili. Na kosa langu pia, kule nilijifungia bweni na Wahindi na Wabrazili tunaongea Kiingereza kutwa, nimerudi nabangaiza N3, ngazi ya kati tu ya mtihani wa Kijapani (N5 ya chini, N1 ya juu). Kwa hiyo usipande ndege bila barua ya kuahirisha yenye mhuri, iandikwe kabisa unarudi mwaka upi na kozi zipi za kule watazihesabu. Bodi ya mikopo nenda mwenyewe dirishani na nakala, usimtume mtu.

Dada wa Minoh
Naunga mkono barua. Na mtihani wa N2 ufanye Julai kabla hujarudi, ukishatua huku uvivu unaanza.

Binti_Dom
Asanteni sana jamani, nimesoma zote. Barua nimeiomba leo, mkuu wa idara kasema nirudi Jumatano, nitakaa hapo mlangoni mpaka aandike. Baba nimemsomea komenti ya Mzee wa Bandarini, kanyamaza kidogo, halafu kauliza Noah ya huko inauzwaje. Mama bado. Kauliza hizo rasta zinatosha kwa mwaka mzima au atume nyingine.

Kipanga Mweusi
Si nilisema upande ndege.