Viranja: kura za wanafunzi au kalamu ya mkuu wa shule?

Mwalimu wa Zamu (Tabora): Wadau, shuleni kwetu wanafunzi walichagua viranja kwa kura ya siri, na mawakala juu. Aliyeshinda aliahidi wali kila Jumatano. Mkuu kafuta matokeo, kateua wake. Jumatatu nina kipindi cha Uraia, mada demokrasia. Nifundishe nini?

Mwisho wa Reli (Kigoma): Si wameshafundishwa tayari? Wape mtihani tu.

Mzee wa Miembe: Mkuu yuko sahihi. Sisi tulisoma Siasa. Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Nyerere, 1967! Mchakamchaka alfajiri, kisha shamba. Watoto wa leo hata fagio hawashiki, mnawapa sanduku la kura.

Mama Wawili: Mzee, waraka huohuo wa 1967 unataka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao. Au nyie mlilima tu? Na wangu anachota maji kabla ya shule, fagio asilishike lipi?

Mzee wa Miembe: Sijamtaja mwanao.

Mama Wawili: Umesema watoto wa leo. Wangu ni wa juzi?

Kijana wa Kanyenye: Mnasahau mji wenyewe! Hapahapa Tabora, 1954, chama cha TANU walibishana kura tatu mpaka kikaeleweka.

Mwisho wa Reli: 1954 TANU ilizaliwa, tena Dar. Tabora ni Januari 1958. Kwenye uchaguzi wa mkoloni, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi walitaka kususa, Nyerere akawageuza kwa hoja, mwenzao Zuberi Mtemvu akajitoa TANU akaanzisha chama chake. Mmelalia historia kama godoro.

Kijana wa Kanyenye: Mtu wa dagaa huyo kaanza. Kwenu treni ikifika imeshachoka.

Mwisho wa Reli: Imechoka kwa kusimama kwenu kununua asali iliyochanganywa na sukari.

Mzee wa Miembe: Asali ya Tabora usiiguse kijana! Nimerina miaka thelathini.

Mama Wawili: Kumbe. Lita bei gani, mzee wangu?

Mzee wa Miembe: Njoo tuongee, mama. Ya miombo, haina mchezo.

Mwalimu wa Zamu: Jamani, Jumatatu?

Mzee wa Miembe: Kwanza tujibu, huo wali ulikuwa na nyama?

Mwalimu wa Zamu: Maharage. Nyama aliiahidi aliyeshindwa.

Mwisho wa Reli: Ndiyo huyo aliyeteuliwa?

Mwalimu wa Zamu: Ndiye.