Mgongo wa Baba Zuhura

Baba Zuhura: Shikamooni wakubwa. Nimetoka kwa daktari. Picha ya MRI inaonyesha diski ya L5-S1, ule mto laini kati ya pingili za chini kabisa mgongoni, imetokeza, inabana mshipa wa fahamu. Kasema upasuaji upo, ila niamue mwenyewe.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Mgongo haupasuliwi! Utaishia kwenye kiti cha magurudumu.

Rehema: Shikamoo shangazi. Kupooza ni nadra sana. Wanatoa kile kipande kinachobana tu. Hatari zipo, kama maambukizi au diski kutokeza tena palepale. Kaka, unaumia zaidi mgongoni au mguuni?

Baba Zuhura: Mguuni. Kuanzia takoni mpaka unyayoni. Mgongo nauvumilia.

Rehema: Afadhali, maana upasuaji huu husaidia mguu kuliko mgongo. Ungekuwa mgongo peke yake ningekwambia usikimbilie kisu.

Kaka Musa: Una muda gani sasa?

Baba Zuhura: Mwezi wa tatu huu. Dawa nimemeza, mazoezi ya viungo naenda.

Rehema: Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Wewe umefika ukingoni. Hebu simama kwa vidole vya mguu huo mmoja.

Baba Zuhura: Nasimama, ila unachoka haraka kuliko mwenzake.

Rehema: Hilo mwambie daktari, usilisahau. Na mkojo ukigoma, au haja ikitoka bila kujijua, au ukipata ganzi katikati ya mapaja, usiandike humu kwenye kundi. Hospitali usiku huohuo.

Shangazi: Rehema! Humu kuna wakwe.

Rehema: Samahani shangazi, ila hilo halingoji adabu 🙏🏾

Mama Zuhura: Mimi nawaza kazi. Msimamizi anauliza atarudi lini, na pale ghalani ni magunia tu.

Kaka Musa: Shemeji, mimi wa kazi ya mezani nilipopasuliwa mgongo nilirudi baada ya mwezi na ushee, tena nusu siku. Kutembea kulikuwa rahisi, kukaa ndiko kulinitesa. Wa magunia ahesabu kama miezi 3, na aanze kidogokidogo.

Mama Zuhura: Wao wanadhani akitoka hospitali kesho yake anabeba.

Kaka Musa: Ndiyo maana aongee nao kabla ya kulazwa. Barua ya daktari isiseme "kazi nyepesi" basi. Iandike kilo ngapi, asiiname kwa muda gani, akapimwe tena lini. Kwangu "nyepesi" ilikuja kuwa kusukuma toroli.

Baba Zuhura: Kuna nafasi ya karani wa stoo. Mshahara unapungua kidogo.

Mama Zuhura: Upungue. Uombe hiyo, upasuliwe usipasuliwe.

Baba Zuhura: Sawa. Naonana na daktari Jumanne. Mguu ukiwa unazidi kuisha nguvu, nitakubali kupasuliwa. Kama haujazidi, naongeza wiki chache za mazoezi.

Rehema: Hapo nakuunga mkono.

Shangazi: Jumanne naja. Nina maswali yangu kwa huyo daktari.

Mama Zuhura: Shangazi, wanaruhusu msindikizaji mmoja tu 😅

Shangazi: Basi wewe utatusubiri nje.