Ushauri: kupiga picha za msanii wa kike kwenye majabali ya ziwa, Mwanza

Jabali_Mza: Habari wakuu. Kuna onyesho la sanaa ya mwili ufukweni, upande wa Capri Point. Msanii ni mwanamke, kajipaka udongo, kajifunga kanga, analala juu ya jabali na kuinuka polepole kwa dakika 40. Picha za majaribio za saa 6 mchana zimeharibika: jabali jeupe pee, yeye kama kivuli. Udongo unadondoka vipande. Na mwendo hauonekani kabisa, kila picha ni mtu aliyelala tu. Kamera ni APS-C (yenye sensa ndogo kuliko fremu kamili), lenzi ya milimita 50, stendi ipo. Nifanyeje?

Mpimamwanga: Mkuu, saa 6 hapo jua liko utosini, na jabali linaurudisha mwanga wote. Tena linababua, atalalaje? Anza saa 11 na nusu jioni.

Kipimo cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Kikiona jabali jeupe kinapunguza mwanga, ngozi nyeusi inazama. Weka kipimo cha nukta (kinachopima sehemu ndogo tu ya picha), pima begani, kisha punguza stopu 1 (yaani nusu ya mwanga), la sivyo ngozi itapauka. Ila angalia: udongo mbichi ni mweusi, ukikauka unageuka kijivu. Ukishakauka pima upya, usipunguze kitu.

Kwa milimita 50 kwenye APS-C, mtu aliyelala anahitaji umbali wa mita 5 hadi 6. Kapime nafasi kwanza, usije ukarudi nyuma ukatumbukia.

Shata_polepole: Kuhusu mwendo: ISO 100 (usikivu mdogo wa mwanga), tundu la lenzi f/11, shata (muda kamera inapobaki wazi) sekunde 1. Jua likiwa bado lipo tumia filta ya ND32, kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara 32. Huna filta? Subiri jua lizame, ila giza letu halingoji, una dakika chache tu.

Siri yenyewe ni hii: kiungo kimoja kisitikisike. Kiganja kikibaki kimebana jabali na mwili mwingine ukainuka, mtazamaji anauona uzito. Ukitikisika mwili mzima unapata ukungu tu. Mpiga picha Mmarekani Francesca Woodman alizitumia sana shata ndefu za namna hiyo miaka ya 1970, mwili wake ukiyeyuka ndani ya chumba ambacho kuta zake ziko wazi kabisa.

Mama_Udongo: Udongo unapasuka kwa sababu tabaka ni nene: juu hukauka na kusinyaa, chini bado mbichi. Chukua vikombe 3 vya udongo wa mfinyanzi uliochekechwa, kikombe 1 cha maji, kijiko 1 cha chai cha glisirini. Paka kwembamba, viwiko na magoti mwisho. Jaribu kwanza mkononi, asije akawashwa.

Tope la ukingoni achaneni nalo, na miguu isiingie ziwani. Kichocho hupenya kwenye ngozi, na mchana ndio vijidudu hutoka kwa wingi kwenye konokono. Maji ya kuoshea yawe ya bomba.

Kanga ikilowa inaonyesha yote, kwa hiyo ndani avae vazi la rangi ya ngozi.

Halafu akishainuka usikimbilie kufunga stendi. Pale alipolala pamebaki chapa ya mgongo na mabega. Msanii Mmarekani mzaliwa wa Cuba, Ana Mendieta, alijenga mfululizo mzima wa *Silueta* (1973–1980) juu ya alama za namna hiyo, Iowa na Mexico. Kwangu mimi picha hiyo inaweza kuzidi zote. Na kamera iwe usawa wa bega lake. Ukimpiga kutoka juu anaonekana kama kitu kilichotupwa.

Wakili_Pwani: Mkubaliane kwa maandishi: picha zipi, zitaonyeshwa wapi, kwa muda gani. Azione zote kabla hujarusha hata moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza ponografia, hivyo fremu ambayo kanga imeteleza ifutwe hapohapo. Muwe na dada mmoja wa kuzuia watu na simu zao.

Jabali_Mza: Asanteni sana. Mama_Udongo, nikiongeza glisirini iwe vijiko 3?

Mama_Udongo: Hapana baba. Udongo utabaki unanata, na nyayo zitateleza jabalini anapoinuka. Kijiko kimoja na nusu, mwisho. Nyayo zisipakwe kabisa.