Naomba ushauri: mgongano chini ya kikapu, madhambi ni ya nani?

Hamjambo wadau wa mpira wa vikapu hapa Nairobi. Nanoa timu ya vijana Eastlands na kuna uamuzi wa marefa unaotutatiza.

Kanuni ya 33 ya FIBA (shirikisho la mpira wa vikapu duniani) nimeisoma, na video tumezirudia polepole. Mlinzi akishamkabili mwenye mpira, miguu yote miwili chini, yuko halali. Anaweza hata kusogea kando au kurudi nyuma. Si lazima agande kama mlingoti, ingawa mashabiki hudhani hivyo. Ila lazima awe ameshafika pale kabla mshambuliaji hajaruka. Nusu duara lililochorwa chini ya kikapu, lenye nusu kipenyo cha mita 1.25, mstari wake ukiwemo, nalo humnyima mlinzi aliyesimama ndani yake faulo ya kugongwa na mshambuliaji aliye hewani.

Utata ni huu: mlinzi wetu anateleza kando, bega linagongwa badala ya kifua, na filimbi inalia dhidi yetu.

Je, refa wa mstari wa mwisho hutazama nini kwanza, miguu au kiwiliwili? Na kisigino kikigusa mstari wa nusu duara huku mguu wa pili uko nje, mnaamuaje mlinzi akiegemea mbele?