Naomba ushauri: nifumue nje ya nyumba yote kwa mkupuo? Nyumba iko Bukoba

Mtoto wa Kashai

Wakuu, habari za jioni.

Nina nyumba ya mama pale Kashai, Bukoba. Marehemu baba aliijenga mwaka 1988 kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, kisha juu ikapigwa lipu ya simenti. Ni mita 11 kwa 9. Mama anaishi hapo na mjukuu mmoja, mimi niko Dar.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliiacha imesimama, ila nyufa zilitoka kwenye kona za madirisha. Tukaziba kwa simenti, maisha yakaendelea. Mwezi huu wa nne nimekwenda nikakaa siku nne, na mvua ilikuwa inatokea ziwani karibu kila alfajiri. Siku ya tatu nilisogeza kitanda cha mama kilichoegemea ukuta wa mashariki, nikakuta godoro limeota ukungu mweusi upande ule wote. Nikatoka nje nikagonga lipu kwa vidole, inalia kama debe tupu. Kipande cha ukubwa wa sinia kikaanguka chenyewe, na ule udongo wa katikati ya matofali niliuchota kwa kidole kama uji mzito. Mama ana miaka 71 na kifua chake si kizuri. Sijalala vizuri tangu nirudi.

Bati ni lile lile la kwanza, kutu imekula kwenye misumari. Fascia (mbao za ukingo wa paa) imeoza, gata haijawahi kuwekwa, madirisha ya mbao hayafungi.

Nina milioni 21. Fundi wa pale anasema tufumue kila kitu kwa mpigo, bati, fascia, madirisha, lipu na rangi, wiki tano tumemaliza. Hoja yake ni kwamba mirunda inasimamishwa mara moja na mafundi wanalipwa mara moja. Nafasi anayo mwezi wa tisa. Mke wangu anataka twende kwa awamu, mwaka huu bati, mwakani kuta. Mliowahi kufanya kazi hii sehemu za mvua, nifuate lipi?

Simenti Kavu

Mkuu, tofali la udongo halina maisha. Bomoa, nyanyua ya bloku.

Binti Kanyigo

@Simenti Kavu kwa milioni 21 anyanyue nyumba ya mita 11 kwa 9, apaue na aweke madirisha? Na mama akae wapi? Kwetu kuna nyumba za namna hiyo zina miaka sitini na watu wanalala ndani. Zinazoanguka ni zile zilizoachwa zinyonye maji.

Fundi Mirunda

Kaka pole, na mpe mama pole. Nimefanya kazi Muleba, Karagwe na hapo Bukoba mjini miaka mingi, nitakwambia ninavyoona.

Kufanya yote ndani ya msimu mmoja sikatai, na hoja ya mirunda ni ya kweli. Tena bati, madirisha na lipu ni vitu vinavyokutana. Ukibadilisha madirisha baada ya lipu utaivunja lipu mpya, na ukiongeza paa baada ya rangi utaichafua rangi. Ninachokataa ni nyumba kuwa wazi juu na ubavuni kwa wakati mmoja, na ninakataa kabisa mwezi wa tisa. Septemba Bukoba mvua za vuli zimeshaingia, Oktoba na Novemba ndiyo usiseme. Huyo fundi anakupa nafasi yake, hakupi nafasi ya hali ya hewa. Kiangazi chetu ni Juni, Julai na nusu ya Agosti, na hata hapo usishangae mvua ya usiku mmoja.

Ugonjwa wa hiyo nyumba ni maji. Paa lako ni kama mita za mraba 110. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 40 alfajiri moja inakumwagia lita 4,400 chini ya kuta, maana gata huna. Zinaruka na kurudi ukutani, nyingine zinapanda kupitia msingi. Halafu lipu ya simenti tupu inazuia ukuta kupumua. Maji yanaingia kwenye ufa, njia ya kutoka hayana, na udongo unalainika. Ndiyo maana imelia kama debe.

Kwa hiyo anza juu. Wiki ya kwanza ya Juni ezua upande mmoja wa paa asubuhi, na ikifika saa kumi jioni uwe umefunikwa. Kesho yake upande wa pili. Papi zilizooza, zile mbao zinazopigiliwa bati, toa. Refusha kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa, ili paa litoke nje ya ukuta sentimita 80 au 90, naamini la sasa halifiki 40. Bati chukua geji 28, usishawishike na 30 ambayo ni nyembamba zaidi, upepo wa ziwa unaujua. Misumari ipigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni. Gata iwekwe wiki hiyo hiyo na maji yaende kwenye simtanki.

Kisha madirisha. Kizingiti cha chini kimwage maji nje, na chini yake kiwe na kijifereji ili tone lidondoke lisirudi ukutani.

Lipu fumua ukuta mmoja mmoja, anza na mashariki. Kwangua udongo wa katikati ya matofali sentimita mbili kwenda ndani, acha wazi ukauke wiki tano au sita. Hapo watu wengi wanakosa subira! Ukipiga lipu mpya juu ya udongo mbichi, miaka mitatu utarudi hapa hapa. Ukishakauka, changanya simenti moja, chokaa ya kujengea moja, mchanga sita. Inashika vizuri na haikakamai kama simenti tupu. Kwenye nyufa za tetemeko weka wavu wa kuku, lakini kwanza mhandisi wa halmashauri azione. Ufa unaopita ukuta mzima mpaka ndani si wa lipu, huo unashonwa kwa nondo.

Mvua ya Rungwe

Nakazia hilo la paa. Sisi Tukuyu tulimsikiliza fundi tukaezua nyumba nzima siku moja, mwezi wa tatu, akisema kesho mchana tumemaliza. Saa nane usiku ikashuka. Tulibeba watoto na magodoro tukaingia kwa jirani, asubuhi tukakuta dari ya jipsamu imelala sakafuni na mahindi ya mwaka yamelowa kwenye magunia. Turubai walikuwa nalo moja, tena limetoboka. Nunua turubai zako mwenyewe kabla hawajagusa msumari.

Mbongo wa Vancouver

Habari kaka. Mimi huku Kanada kazi yangu ndiyo hiyo, kubandua kuta za nje na kuweka mpya, na Vancouver mvua haiishi tangu Oktoba hadi Machi. Nyumba za huku ni za mbao, lakini kosa ni lile lile. Majengo mengi ya ghorofa ya miaka ya 80 na 90 yalizibwa nje vizuri mno, maji yakapenya pembeni mwa madirisha yakakosa njia ya kutoka, mbao zikaoza ndani kwa ndani. Watu walipoteza akiba zao mpaka serikali ya jimbo ikaunda tume mwaka 1998. Siku hizi tunaacha uwazi wa kama sentimita moja nyuma ya ukuta wa nje ili maji yashuke na hewa ipite. Nyumba nzima tunaifanya kwa mkataba mmoja, ila tunafungua upande mmoja, na jioni hatuondoki kabla haujafunikwa. Asije mtu akakuuzia rangi ya kuzuia maji upake kwenye ukuta mbichi. Utakuwa umeyafungia humo humo.

Mtoto wa Kashai

Asanteni sana. @Fundi Mirunda nimepiga hesabu: lipu ikipigwa mwanzoni mwa Agosti, rangi nipake lini? Desemba tuna harusi ya mdogo wangu na wageni wanafikia hapo. Halafu Juni mama anaanika kahawa uani, mchanga na matofali nitayaweka wapi?

Fundi Mirunda

Lipu imwagiliwe siku saba, kisha ipewe mwezi mzima kabla ya rangi. Hapo umeshaingia Septemba, kwa hiyo rangi ya mafuta au ya plastiki iache mpaka Januari, mvua zikipungua. Kwa harusi paka chokaa nyeupe mikono mitatu, inapumua na inang'aa. Mchanga uweke upande wa barabarani, ufunikwe.

Binti Kanyigo

Kahawa ya mama usiiguse kaka, ndiyo fedha yake. Muulize yeye kwanza wapi pawe pa mafundi. Na angalia migomba: kama kibanja (shamba la migomba) kimefika ukutani kama kwetu, yale majani yanayotandazwa chini yanatunza unyevu mwaka mzima. Isogeze angalau mita mbili.

Mtoto wa Kashai

Nimempigia mama sasa hivi. Migomba mitatu ya nyuma ya chumba chake ameikubali itoke, wa nne amekataa, ulipandwa na baba. Kahawa ataianika kwa shangazi Hamugembe. Yule fundi nimemweleza Juni au basi, amesema atanijibu Jumatatu. Kitanda kimehamia chumba cha magharibi tangu jana.

@Fundi Mirunda, huo mgomba uko mita moja na nusu kutoka ukutani. Nikiondoa majani ya chini na kuchimba mfereji kati yake na msingi, itatosha?