Tupeane uzoefu: ulikipataje kikundi chako cha kuacha pombe?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Leo natimiza miezi 7 sijaonja pombe, na swali ninaloulizwa zaidi ni moja: hivyo vikundi vya kusaidiana vinapatikanaje? Naanza mimi, nanyi mwageni ya kwenu.

Mimi anwani nilikuwa nayo mwaka mzima. Niliiandika nyuma ya risiti, ikakaa kwenye pochi hadi wino ukafifia. Siku nilipokwenda nilizunguka lile jengo mara tatu, roho juu, nikihofia kuonwa na mtu anayenifahamu. Mzee mmoja aliyekuwa anapanga viti akaniuliza kama nimekuja mkutanoni. Nikamjibu nimepotea njia. Akasema, "Basi ingia upumzike kidogo." Hakuniuliza hata jina.

Ulikuwa mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous), vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Hakuna ada wala fomu. Linapita kapu, mwenye chochote anaweka, asiye nacho anampitishia jirani. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, uwe na nia ya kuacha kunywa. Siku ile sikufungua mdomo, na hakuna aliyenilazimisha.

Mchangiaji wa 1

Hongera sana mkuu. Mimi kikundi cha kwanza hakikunifaa. Wote walikuwa wanaume watu wazima, na mimi ni mwanamke, nilikuwa nakunywa chumbani nimejifungia, watoto wamelala. Walinipokea vizuri, ila sikuweza kusema lolote la maana mbele yao. Nikarudi nyumbani nikijiambia "nimejaribu, imeshindikana", na usiku uleule nikanywa.

Kosa langu ni kudhani mkutano mmoja ndiyo mikutano yote. Baadaye nilielezwa kwamba kuna mikutano ya wazi, anaingia yeyote hata ndugu au rafiki, na kuna iliyofungwa, ya wenye tatizo la pombe pekee. Ipo pia ya wanawake watupu. Niliyekaa naye mpaka leo nilimpata kikundi cha tatu. Mkutano ulipokwisha alinipa namba yake akaniambia, "Nipigie kabla ya kunywa, si baada." Ndiye mdhamini wangu, yaani mwenzangu aliyetangulia kuacha na anayenishika mkono. Dada zangu mnaosoma hapa kimyakimya, jaribuni angalau vikundi vitatu kabla hamjasema havifai.

Mchangiaji wa 2

Naomba hili lisipite. Kama ukiamka lazima uzimue ndipo mikono itulie, anza kwa daktari. Mimi niliacha ghafla nikisubiri siku ya mkutano. Siku ya pili nikaanguka kifafa, na sijawahi kuwa na kifafa maishani. Mwili uliozoea pombe kwa miaka mingi ukinyimwa ghafla unaweza hata kufa. Kikundi hakitoi dawa. Nenda hospitali kwanza, kikundi utakikuta.

Mchangiaji wa 3

Mie ndiye mke wa mnywaji. Yeye hajaacha. Ninakwenda Al-Anon, ya familia za walevi, ipo tangu 1951. Nilikuwa nanusa vikombe, namwaga chupa, namdanganyia kazini kwamba anaumwa. Siku hizi silali macho nikimsubiri.

Mchangiaji wa 4

Kule AA mambo ya Mungu yalinitisha. Wanasema "Mungu kama unavyomwelewa", lakini bado sikutulia. Nikahamia SMART Recovery, vikundi vingine vya kuacha, ipo tangu 1994, haina zile hatua 12 za AA. Kule unafundishwa kuitambua hamu ikija na kuisubiri ipite. Tunafanyia kwa video. Miezi miwili ya mwanzo nilizima kamera. Waliniacha hivyohivyo.

Mleta mada

@Mchangiaji wa 4, asante kwa kuliweka wazi, kila mtu na mlango wake. @Mchangiaji wa 1, hilo la simu limenigusa, maana AA yenyewe ilizaliwa kwenye simu. Mei 1935 Bill W., mmoja wa waanzilishi wake wawili, alikuwa Akron, Marekani, biashara imemharibikia, amekaa miezi kadhaa bila pombe, na baa ya hoteli inamwita. Akashika simu, akawapigia watu wa makanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyokutanishwa na Dk. Bob, daktari mlevi aliyeanzisha AA pamoja naye. Hakutafuta mtu wa kuja kumhubiria. Nami nikibanwa na hamu, namtafuta aliyepita nilipopita.

Mchangiaji wa 5

Mimi niliteleza baada ya wiki 11. Aibu ikanifungia ndani mwezi mzima, nikiona nimewaangusha. Niliporudi nikasema ukweli, "nina siku moja." Walipiga makofi kuliko siku ya wiki zangu 10. Nililia, sioni haya kusema. Leo nina siku 203.

Mchangiaji wa 6

Nimesoma yote toka juu. Nimepata mkutano, ni kesho saa 12 jioni. Nikifika mlangoni naanzaje?

Mleta mada

Ndugu yangu, huna haja ya kuandaa maneno. Fika dakika kumi kabla, wakati viti vinapangwa, uombe kusaidia kupanga. Mikono ikipata kazi woga unapungua. Kaa popote, na zamu ikikufikia unaweza kusema "leo nasikiliza tu." Ukitoka niandikie, hata iwe usiku wa manane.