Maktaba ya Python inasema "imefaulu" wakati kazi haijaanza. Hizi huduma za kuunganisha data zinatufanya wajinga!

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Mods, naomba huu uzi usiunganishwe na ule wa wanaojifunza Python, hili ni suala la watu waliokwisha kulipa hela.

Kwa ambao hawako upande huu wa kazi: kuna huduma za mtandaoni za kuunganisha data. Unazipa anwani na nywila za kanzidata yako, mfumo wa mauzo, majedwali ya Google na kadhalika, zenyewe zinachota na kumwaga kwenye ghala moja la data ambako unatengenezea ripoti. Zina ukurasa wa kubofya, mzuri tu, wa kupendeza macho. Ukiwa na chanzo kimoja au viwili unabofya, maisha yanaenda. Sisi tunahudumia SACCOS kadhaa, kila moja na kanzidata yake, na hakuna mwenye akili timamu atakayekesha anabofya moja moja. Kwa hiyo unatumia API yao, yaani mlango ambao programu yako inaongea na huduma yao bila kubofya, na ili usihangaike na API mbichi wanakupa maktaba ya Python, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa kwa lugha hiyo ya programu: unaisakinisha kwa pip, unaipa tokeni (ufunguo wako wa kuingia), unaiagiza ianzishe kazi fulani ya kuhamisha data, isubiri iishe, ikuletee matokeo. Ndivyo wanavyojinadi kwenye nyaraka zao. Jina la kampuni nalihifadhi, mkataba bado unaendelea na sitaki barua za wanasheria.

Kinachoniudhi ni kimoja, mengine yote ni matawi yake: hii maktaba ni ya uongo.

Ukiiagiza ianzishe kazi, seva yao inajibu kwa namba 202. Namba hiyo imo kwenye HTTP, utaratibu wa mawasiliano ya wavuti, tangu hati ya toleo 1.0 ya mwaka 1996 na maana yake ni ileile hadi leo: ombi limepokelewa, kazi haijakamilika, na huenda isifanyike kabisa. Seva, niseme haki, inajibu sawasawa. Anayeharibu ni maktaba. Yenyewe ikiona namba yoyote inayoanza na 2 inakurudishia "imefaulu". Skripti yako inaamini, inakwenda hatua inayofuata, inajenga ripoti ya asubuhi juu ya data ya juzi, na meneja wa SACCOS akifungua kompyuta anakuta marejesho ya jana hayamo. Anampigia nani? Ananipigia mimi, wala hasalimii.

Najua kuna mkuu atakuja na "si utumie amri ya kusubiri". Tunaitumia, ndugu yangu. Nimeifungua ndani, maana ni Python na msimbo wake unasomeka. Inauliza hali ya kazi kila baada ya sekunde chache, na mzunguko wake ukiusema kwa maneno ya kawaida ni huu: maadamu hali ni "inaendelea", subiri, ikiwa kitu kingine chochote, toka, na kama hicho kitu si "imeshindwa", hesabu kwamba imefaulu. Halafu wenye huduma wakaongeza hali mpya upande wa seva, "iko foleni", kwa sababu siku hizi kazi zikizidi zinapangwa mstari. Maktaba haijui foleni ni nini. Matokeo yake, usiku ambao seva zao zimeelemewa, yaani usiku uleule unaohitaji kusubiri kuliko siku zote, amri ya kusubiri haisubiri hata kidogo. Inauliza mara moja, inakuta neno isilolijua, inatangaza ushindi.

Tangu lini hali usiyoitambua ikahesabiwa kuwa mafanikio? Toa hitilafu! Simamisha skripti, mtu aamke aangalie. Mimi niko radhi kuamshwa saa nane usiku na ukweli kuliko kulala hadi asubuhi nikiwa nimedanganywa.

Sasa njoo kwenye kurudia maombi, hapa ndipo hela zilipokwenda.

Mtandao wa huku kwetu tunaujua. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini kwa pamoja, tukabaki tunatazama kurasa zisizofunguka. Ile ilikuwa siku mbaya kupindukia, lakini hata siku za kawaida ombi la kwenda Ulaya linaweza kufika salama na jibu lake likapotelea njiani. Maktaba inangoja jibu, muda unaisha, inafanya nini? Inatuma tena. POST ileile (ombi la kuanzisha kazi), kimyakimya, bila kuandika hata mstari mmoja kwenye logi, yaani kumbukumbu ya matukio yake. Seva inapokea kazi ya pili, pengine na ya tatu, zote za kuhamisha jedwali zima kuanzia mwanzo.

Kiwango cha HTTP, RFC 9110 ya Juni 2022, kinaeleza kwamba programu isirudie yenyewe ombi ambalo likifanywa mara mbili halitoi matokeo yaleyale, labda iwe na namna ya kujua kuwa kurudia hakudhuru au kwamba lile la kwanza halikutekelezwa. Na hili si geni kwa watu wa Python. Ile urllib3, maktaba ya Python ya kutuma maombi ya HTTP ambayo yao imekaa juu yake, kwa mpangilio wake wa awali haina POST kwenye orodha ya maombi ya kurudiwa endapo jibu limekwama baada ya ombi kwenda. Maana yake kuna mtu aliukuta mpangilio ulio salama, akaketi, akaongeza POST kwa mkono wake mwenyewe. Huo mstari nimeuona kwa macho yangu. Namna ya kulikwepa tatizo nayo ipo tena rahisi: mtumaji anatengeneza ufunguo wa kipekee kwa kila ombi, seva ikiuona kwa mara ya pili inarudisha jibu la kwanza badala ya kuanzisha kazi nyingine. Wenye mifumo ya malipo wanafanya hivyo kila siku. API yao haina hata mahali pa kuuweka huo ufunguo.

Na jamaa wanatoza kwa idadi ya mistari ya data iliyohamishwa. Naomba mtulie hapo. Kasoro ya maktaba yao inawaongezea mapato! Bili ilikuja imenona, tukahoji, tukaambiwa "mfumo unaonyesha kazi hizi zilianzishwa kwa tokeni yenu". Ndiyo, kwa tokeni yetu, na maktaba yenu. Huku nyuma jedwali la marejesho likawa limejazwa mara mbili, meneja mmoja akaona makusanyo yamepaa akaanza kuwamwagia pongezi maafisa mikopo kwenye kundi la WhatsApp kabla hatujawahi kumpigia. Kumweleza ilikuwa shughuli nyingine.

La tatu ndilo lililonimaliza, na mnaotumia Postgres (programu ya kanzidata) sogeeni karibu.

Huduma hizi zinapochota mabadiliko kutoka Postgres hutumia sloti ya urudufishaji, alama inayokumbuka msomaji amefika wapi, kitu kilichokuja na toleo 9.4 mwaka 2014. Ukifungua sloti, Postgres inaahidi kutofuta faili zake za WAL, zinazoandika kila badiliko, mpaka msomaji wa sloti aseme ameshazipitia. Faili moja kwa kawaida ni MB 16. Msomaji akiwepo zinatumika na kuondoka, hutazisikia. Msomaji akinyamaza zinarundikana, na kwa mpangilio wa awali hazina mpaka: kile kipimo cha kuzibana, max_slot_wal_keep_size, kiliongezwa toleo 13 mwaka 2020, na thamani yake usipoigusa ni -1, maana yake jaza tu. Nafasi ya pg_wal, folda ya faili hizo, ikiisha kabisa, Postgres inajizima.

Maktaba ina amri ya kusitisha muunganisho. Mteja wetu mmoja alitaka tusimame kidogo wakati anapanga upya mambo yake, tukasitisha kupitia maktaba. Ikajibu nini? "Imefaulu". Kumbe ilichofanya ni kuzima ratiba tu. Sloti imebaki kwenye kanzidata ya mteja, haina msomaji, inakusanya usiku na mchana.

Ila ukisitisha muunganisho uleule kwa kubofya kwenye ukurasa wao, kinatokea kisanduku kinachokuonya kwamba sloti inabaki, diski inaweza kujaa, je, unataka ifutwe? Mmeona? WANAJUA. Onyo wamelitengeneza, wakalipamba, wakaliweka kwa anayebofya. Anayetumia maktaba, ambaye ndiye mwenye miunganisho mingi na ndiye anayelipa zaidi, hapewi neno. Diski ikajaa, Postgres ikalala, SACCOS ikashindwa kutoa mikopo mchana kweupe watu wamepanga foleni dirishani. Kwa sababu ya mfumo wa ripoti! Kitu ambacho kazi yake ni kusoma tu.

Tukafungua tiketi sapoti. Hapo ndipo nilipojifunza kupigwa danadana kwa lugha ya upole. Jibu la kwanza: "Tafadhali pandisheni toleo." Tukapandisha. Toleo jipya halikugusa hata moja kati ya haya, badala yake likabadilisha saa: sasa ukiipa saa isiyotaja ukanda inaichukulia kuwa UTC, na sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo kazi zilizokuwa zinaanza saa saba usiku zikahamia saa kumi alfajiri na kugongana na watu wanaofungua ofisi mapema. Kwenye orodha ya mabadiliko waliandika "maboresho madogo".

Nikalalamika kwamba huwezi kubadili tabia ya programu kimyakimya namna hiyo. Jibu la pili: maktaba bado iko toleo 0, na kwa kanuni za kupanga namba za matoleo, sifuri mbele ina maana chochote kinaweza kubadilika wakati wowote. Ni kweli kanuni inasema hivyo. Lakini kanuni hiyohiyo inasema sifuri ni ya hatua za mwanzo za ujenzi. Huwezi kukaa kwenye sifuri miaka nenda rudi, ukaiweka maktaba ukurasa wa kwanza wa nyaraka, ukawauzia makampuni kifurushi cha bei ya juu kwa kuwaambia "mtaendesha kila kitu kwa msimbo", halafu mambo yakiharibika unakumbuka kwamba ni ya majaribio. Huo ni mbuzi kwenye gunia.

Jibu la tatu lilikuwa "andikeni tatizo kwenye GitHub". Nikaenda. Tatizo la foleni lilikuwa limeshaandikwa na mtu mwingine zamani, likafungwa na roboti kwa sababu hakuna aliyechangia kwa muda. Roboti ikamshukuru kwa mchango wake.

Kuna jambo lingine nalitaja kwa haraka maana linanitisha: ukiwasha logi za kina ili uone kinachoendelea, maktaba inachapa usanidi mzima wa muunganisho, nywila ya kanzidata ikiwemo, wazi. Wengi logi zetu tunazisafirisha kwenda huduma nyingine nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023, na kanzidata inayofunguliwa na nywila hiyo imejaa majina na mikopo ya watu. Kagueni logi zenu leo.

Tulipofikia: tumeanza kuing'oa. Tunaita API moja kwa moja kwa requests, maktaba ya kawaida ya Python ya kutuma maombi, tukiweka muda wa kungoja kwa mkono kila mahali, kwani requests yenyewe usipoutaja inaweza kungoja milele. Kuanzisha kazi tunatuma POST mara moja tu. Jibu lisiporudi, tunaomba kwanza orodha ya kazi tuone kama ilishapokelewa. Hali tusiyoijua ni hitilafu, basi. Msimbo umekuwa mfupi kuliko nilivyodhani, na ndilo linalonitia hasira zaidi: hii si kazi ngumu, ni kwamba hakuna aliyejali.

Ninachotaka kwenu: aliyewahi kudai kurudishiwa hela za mistari iliyojirudia kwa huduma za aina hii na akafanikiwa, alitumia ushahidi gani? Logi zetu hazionyeshi kurudia kwa sababu maktaba haiandiki. Na anayeendesha Debezium (programu huria ya kuchota mabadiliko ya kanzidata) bila Kafka (mfumo wa foleni za data ambao kwa kawaida huambatana nayo) hapa Bongo kwenye mashine ya kawaida aniambie inakula RAM kiasi gani, bosi ameshaanza kuuliza kwa nini tunalipia dola kwa kitu hiki.

Nawasilisha.

NYONGEZA: Mkuu mmoja kaniuliza PM namna ya kujua kama ana sloti iliyoachwa. Ingia kwenye kanzidata ya chanzo, endesha hii (toleo 10 kwenda juu):

SELECT slot_name, active, pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), restart_lsn)) FROM pg_replication_slots;

Ukikuta active ni f na ukubwa unapanda kila ukiendesha, hiyo imeachwa. Inafutwa kwa pg_drop_replication_slot, ila jua kwamba ukiifuta muunganisho huo utalazimika kuchota upya kila kitu, na mistari hiyo nayo watakutoza.